Gia ngumu, gia inakwaruza: mwongozo kamili wa kulainisha gia za gari ya manyuali bila kukimbilia kufungua giaboksi

Wakuu habari za muda huu. Hii naiandika kwa wenye gari za manyuali, hasa sisi wa Tanga, maana huku gari za gia bado ni nyingi sana, kuna Hiace za abiria, Kirikuu za mizigo, Hilux, Land Cruiser, Probox, Canter zinazoshusha machungwa ya Muheza, na malalamiko ni yale yale kila siku: gia ya kwanza haiingii, rivasi inakwaruza, leva inacheza, gia ya pili inalia ukishusha haraka. Na kila ukienda gereji jibu linalokuja haraka ni "giaboksi imekwisha hiyo, tuishushe". Naomba uache kwanza. Mara nyingi shida iko nje ya giaboksi kabisa, iko kwenye klachi, kwenye bushi za leva (vile vipete vya plastiki au mpira kwenye viungio vyake), kwenye maunting (mipira inayobeba injini na giaboksi) au kwenye oili, na hivyo vyote unavikagua bila kuishusha wala kuipasua giaboksi. Giaboksi nzima ikifunguliwa na mtu asiye makini inarudi na ugonjwa ambao haikuwa nao, na hilo ndio linaniuma mpaka nimekaa chini kuandika.

Kwaiyo mpangilio wangu ni huu, tunaanza na vya bure, tunakuja vya hela ndogo, giaboksi inakuja mwisho kabisa.

Kwanza elewa kinachotokea ukivuta leva

Ndani ya giaboksi kuna ringi za sinkro, nyingi ni za mchanganyiko wa shaba, kazi yake ni kusugua kwenye koni ya gia mpaka mwendo wa gia na mwendo wa shafti ulingane ndio meno yaingiliane kimya. Magari ya zamani hayakuwa na hii kitu, dereva alikuwa anapiga klachi mara mbili (anakanyaga anatoa gia, anaachia akiwa nyutro, anakanyaga tena ndio anaingiza gia) na kusikilizia injini, sinkro ikaanza kuuzwa kwenye Cadillac mwaka 1928 ndio watu wakapumzika. Sasa sinkro ina nguvu ya kusawazisha gia na klachi pleti tu, haina nguvu ya kupambana na injini nzima. Ukikanyaga klachi na klachi isikate vizuri, injini inaendelea kuzungusha shafti kidogo kidogo, sinkro inalazimika kupigana na injini, unasikia gia ngumu au mkwaruzo. Hapo sinkro haina kosa lolote, ila ukiendelea hivo miezi kadhaa itakuwa imekwisha kweli. Ndio maana kukagua klachi kunatangulia kila kitu.

Vipimo vya kufanya mwenyewe

Tafuta sehemu tambarare, kwa wa mjini barabara za kule Raskazone zinafaa asubuhi kukiwa kumetulia.

Kipimo cha kwanza, zima gari, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja moja mpaka rivasi. Halafu washa, iache iungurume, kanyaga klachi mpaka chini, rudia. Kama gari ikiwa imezimwa gia zinaingia laini na ikiwashwa zinagoma, klachi haikati, usitafute mchawi mwingine. Kama ni ngumu hata ikiwa imezimwa, klachi haihusiki, shida iko kwenye leva, kebo, bushi au ndani. (Kumbuka ikiwa imezimwa saa ingine meno yanakutana uso kwa uso gia inagoma, sogeza gari kidogo ujaribu tena kabla hujahukumu.)

Kipimo cha pili, gari inaunguruma, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka nne taratibu, ndio uingize rivasi. Gari nyingi rivasi haina sinkro, kwaiyo yenyewe ndio shahidi mkweli, kama baada ya kusubiri hivo bado inakwaruza maana yake shafti haijasimama, klachi inaburuza.

Cha tatu, pampu klachi haraka haraka mara mbili tatu halafu ingiza gia. Ikiingia laini baada ya kupampu na bila kupampu inagoma, kuna upepo kwenye mfumo au mpira wa silinda umechoka. Hii nayo ni dalili ya wazi kabisa na haihitaji fundi.

Cha nne ni cha masikio. Gari iko nyutro, mguu nje ya klachi, unasikia mngurumo, ukikanyaga unapotea, hiyo ni bearing ya shafti ya kuingilia giaboksi. Kama ni kinyume, kimya mguu ukiwa juu na mlio unakuja ukikanyaga, hiyo ni rilisi bearing, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali.

Na cha mwisho ni cha barabarani. Angalia ni gia ngapi zinasumbua. Gia zote zikiwa ngumu lawama inaenda kwenye klachi au oili. Gia moja tu, mara nyingi ya pili, inakwaruza ukiiingiza haraka na ukipiga klachi mara mbili inaingia kimya, hiyo ni sinkro ya gia hiyo. Andika majibu yote kwenye simu, ukienda gereji unaongea na fundi kwa ushahidi.

Vya bure kabisa

Angalia kapeti. Sio utani, watu wanaweka kapeti la mpira juu ya kapeti juu ya lingine, pedali ya klachi inagota kabla ya kufika mwisho na klachi haikati. Toa yote, jaribu tena. Sogeza kiti karibu, mguu unatakiwa ubonyeze klachi mpaka chini huku goti bado limekunja kidogo, dereva aliyelala nyuma anakanyaga robo tatu halafu analaumu gia.

Angalia na mpira wa kufunika leva, ule wa chini karibu na bodi. Ukishakakamaa unairudisha leva au unaizuia isifike mwisho wa gia, hasa ya tano na rivasi. Waliofunga spika au makasha ya kuwekea vitu katikati ya viti wahakikishe leva haigusi popote.

Klachi

Anza na mchezo wa pedali, yani ile sehemu ya juu unayobonyeza kwa kidole bila kukutana na nguvu. Gari nyingi inatakiwa kati ya milimita 5 na 15, kitabu cha gari yako ndio kina jibu sahihi. Mchezo ukiwa mkubwa unapoteza safari ya pedali na klachi haikati, usipokuwepo kabisa klachi inabaki imebanwa kidogo muda wote inateleza na kuungua. Unarekebisha kwenye fimbo ya nyuma ya pedali, legeza nati ya kufungia, zungusha fimbo kidogo, pima, kaza.

Kirikuu na gari ndogo nyingi hazina haidroliki, zina waya wa klachi. Hizo rekebisho liko kwenye nati ya mwisho wa waya upande wa giaboksi. Angalia waya wenyewe pale unapotokea kwenye gamba lake, ukiona nyuzi zimeanza kukatika badili leo, usingoje ukukatikie katikati ya Segera na Hale. Upepo wetu wa bahari una chumvi, waya unapata kutu ndani ya gamba na pedali inakuwa nzito taratibu mpaka unazoea, mwenye gari hajui kama imekuwa nzito mpaka siku anafunga mpya.

Zenye haidroliki kagua kikopo cha mafuta ya klachi kwenye boneti (gari nyingine inachangia kikopo kimoja na breki). Mafuta mazuri ni maangavu, yakiwa meusi yamechoka. Haya mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yana tabia ya kunyonya unyevu hewani, na unyevu wa Tanga kila mtu anaujua, kwaiyo ile chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni gereji miezi usikubali ikamiminwa kwenye gari yako. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, DOT 5 ya silikoni usiiguse.

Halafu fuatilia kuvuja. Ingiza kichwa chini ya dashibodi, gusa pale fimbo ya pedali inapoingilia ukutani, kama pana majimaji masta silinda (ile ya juu inayosukumwa na pedali) inavuja. Nenda chini kwenye silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi, ile wanayoita slevu, funua mpira wake, ukikuta ndani kumelowa mpira wa ndani umekwisha. Pia kuna paipu ya mpira inayokwenda slevu, mwambie mtu akanyage klachi wewe ukiiangalia, ikivimba ibadilishe, maana nguvu ya mguu wako inaishia kuvimbisha mpira badala ya kusukuma klachi.

Kutoa upepo unahitaji watu wawili, spana ya nati ya upepo (kwenye Toyota nyingi namba 8 au 10), mpira mwembamba wa plastiki unaoona ndani na chupa ya maji tupu. Chomeka mpira kwenye nati ya slevu, ncha nyingine iwe imezama kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Mwenzako anapampu pedali taratibu halafu anashikilia chini, wewe unafungua robo mzunguko, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga, ndio unamwambia aachie. Usikubali aachie kabla hujafunga, itavuta upepo upya. Rudia mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke masafi, na kila baada ya mara nne tano chungulia kikopo, kikikauka unaanza upya kazi yote. Yakimwagikia rangi ya gari mwagia maji mengi hapo hapo, yanakula rangi.

Kwa mafuta mapya peke yake na upepo kutolewa, nimeona gari ambazo mwenyewe alishaanza kutafuta giaboksi ya mtumba zinarudi kuingia gia kwa vidole viwili. Hii ndio kazi naipenda kuliko zote kwenye mwongozo huu, ni hela kidogo na tofauti unaisikia kabla hujatoka getini.

Kama haidroliki iko safi na bado haikati, basi ni vitu vya ndani ya kengele (kasha linalofunika klachi kati ya injini na giaboksi): pleti imepinda, preshapleti (inayobana pleti) imechoka vidole, au ile bearing ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) imekufa ikawa inaburuza shafti (hii ipo kwenye gari nyingi za kuendesha nyuma, na inasahaulika sana, ukibadili klachi dai na yenyewe ibadilishwe). Na kwa gari zilizopaki muda mrefu karibu na bahari, pleti inaweza kushikana na flaiwili kwa kutu. Dalili yake ni kwamba gari ilipaki nzima, ukaja kuiwasha klachi haikati hata chembe. Pasha injini moto, zima, nenda sehemu pana isiyo na mtu wala ukuta mbele, weka gia ya pili, kanyaga klachi, piga stata, gari itaanza kwenda, kanyaga breki na kuachia huku klachi iko chini, mara nyingi inabanduka. Isipobanduka usilazimishe, ishushwe.

Leva, bushi na kebo

Kuna gari leva yake inazunguka kama mwiko kwenye uji, hujui kama uko ya tatu au ya tano. Hapo usihangaike na giaboksi, ni bushi.

Hilux, Land Cruiser na pickup nyingi leva inakaa moja kwa moja juu ya giaboksi. Chini ya leva kuna mpira wa duara na kibushi cha plastiki kinachovaa ile ncha ya chini, hicho kibushi ndio kinakwisha, kinapasuka vipande au kinayeyuka kabisa ukakuta chuma kinagonga chuma. Kukibadili: weka gari nyutro, handibreki, zuia matairi, toa kichwa cha leva kwa kukizungusha, toa kava na mpira wa juu, futa mchanga wote unaouona kabla hujafungua zaidi kwa sababu chini yake ni giaboksi wazi. Kwenye Toyota nyingi za hivi kuna kofia unaibonyeza chini na kuizungusha kinyume na saa ndio inaachia, gari nyingine ni boliti. Vuta leva juu, ziba tundu na kitambaa kisafi hapo hapo. Safisha ncha, vua mabaki ya bushi ya zamani, hesabu vipande kama vimetimia, kama kimoja kimeangukia ndani kitafute. Paka grisi, vika bushi mpya, rudisha. Nusu saa imekwisha.

Kuhusu bushi za kuchongesha kwa fundi wa kerezo, wengi huku tunachongesha za shaba kwa sababu za plastiki hazipatikani mpaka uagize Dar kwa basi. Ya shaba inadumu na leva inakuwa ngumu vizuri mkononi, ila inapitisha mtetemo wote wa giaboksi kuja kwenye kiganja na mlio unaongezeka. Ikipatikana ya plastiki yenyewe chukua hiyo. Bushi ya kukata kwenye malapa sitaki hata kuijadili, mpira wa malapa unavimba ukikutana na oili.

Gari za kuendesha mbele, na Hiace zile leva iko kwenye dashibodi, zinatumia kebo mbili, moja inachagua kushoto kulia, nyingine inavuta mbele nyuma. Mwisho wa kila kebo kuna jicho lenye bushi na kipini cha kufungia. Mwambie mtu apitishe gia wewe ukiangalia upande wa giaboksi, leva ikisogea na kebo isisogee saa hiyo hiyo, bushi ya jicho imekwisha. Chomoa kebo pande zote mbili, isukume na kuivuta kwa mkono, inatakiwa iteleze bila kukwama. Ikikwama kuna kutu au imekunjwa, na hapa chumvi inahusika tena, gamba likipasuka maji yanaingia. Jaribu kudondoshea oili nyepesi ukiwa umeisimamisha wima usiku kucha, ila kebo iliyokwama sana oili inaipa wiki chache tu, badili. Ukirudisha, hakikisha giaboksi iko nyutro na leva iko nyutro kabisa ndio ufunge rekebisho la kebo, ukifunga leva ikiwa imelalia upande mmoja utakosa gia ya upande wa pili.

Kwenye viungio vyote vya nje paka grisi ya lithiamu kidogo. Ukijaza mpaka inamwagika inakamata mchanga wa barabara, na mchanga na grisi pamoja vinakula bushi haraka kuliko ukavu.

Maunting

Injini na giaboksi vimekalia mipira. Mpira ukikatika, injini inaruka kila unapopiga gia na leva au kebo inavutwa pamoja nayo, gia inakuwa ngumu au inachomoka yenyewe ukiachia mafuta. Fungua boneti, handibreki imebana, mguu mwingine breki, mtu aachie klachi kidogo sana gia ya kwanza halafu rivasi, wewe simama pembeni (usisimame mbele ya gari hata siku moja) uangalie injini inainuka kiasi gani. Kutikisika kidogo ni kawaida, kuruka na kugonga sio kawaida. Usisahau maunting ya giaboksi yenyewe iliyo kwenye krosi memba (chuma cha kukatisha chini ya gari), hiyo haionekani kwa juu. Mara nyingi mpira umekufa kwa oili inayovujia juu yake, ziba mvujo kwanza ndio ufunge mpya.

Oili ya giaboksi

Hapa ndio watu wanapotea sana kwaiyo nitachelewa kidogo.

Kopo la oili ya gia lina maandishi mawili ya muhimu, unene na daraja. Unene ni ile 75W-90, 80W-90. Daraja ni GL-4 au GL-5. Watu wanadhani GL-5 ni bora kwa sababu namba ni kubwa. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu (giaboksi ndogo ya kwenye eksili ya matairi), ina dawa nyingi ya kuzuia meno kusagana, na dawa hiyo kwenye sinkro za shaba inaleta mambo mawili: inaweza kuila shaba taratibu, na inafanya ringi iteleze sana wakati kazi ya ringi ni kushika. Ikiteleza haisawazishi mwendo, gia inakwaruza. Zipo giaboksi ambazo kitabu chake kinaruhusu zote mbili, na zipo za Honda zenye oili yake maalum, na zipo za manyuali zinazotumia ATF nyepesi (oili ya giaboksi za otomatiki), kwaiyo fuata kitabu cha gari yako, lakini kama kitabu kinasema GL-4 usikubali kuambiwa "hii ya difu ni ile ile tu".

Kitu kingine, kuweka oili nene ya 140 ili giaboksi iache kulia. Inapunguza mlio kweli, na inafanya gia ziwe nzito asubuhi na sinkro zifanye kazi mara mbili. Mlio ni bearing inaomba kubadilishwa, kuifunika kwa oili nene ni kuahirisha mpaka shafti nayo iharibike. Muuzaji wa gari anaweza kufanya hivo kukuuzia, wewe mwenye gari usijifanyie.

Hapa mjini hatuna baridi ya kugandisha oili, kwaiyo gari inayokuwa na gia nzito asubuhi Chumbageni halafu inalainika ikipata moto, shuku oili nene au isiyo yake. Kwa mtu anayelala Lushoto mwezi wa saba, uzito kidogo kilomita za mwanzo ni kawaida, na huko 75W-90 utaisikia tofauti yake na 80W-90.

Kubadili: endesha kidogo oili ipate uvuguvugu. Paki tambarare, gari ikae sawa, ukiinua tumia stendi, jeki peke yake usilale chini yake kamwe. Halafu sikiliza hapa: fungua nati ya kujazia kwanza, ile ya juu ubavuni, kabla hujagusa ya chini. Ukimwaga oili yote halafu ya kujazia ikagoma kufunguka au ikaliwa kona, umebaki na gari isiyotembea. Kwenye Toyota nyingi ni soketi 24, itumie ya pembe sita, sio spana ya kurekebisha inayokula kona.

Ikishafunguka ya juu, fungua ya chini, iache idondoke mpaka iishe, na uiangalie vizuri kwa sababu oili inakuelezea habari zote za ndani. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku, tope jeusi laini juu yake ni la kawaida. Vipande unavyovishika kwa kidole au kipande cha jino sio kawaida. Chembe za rangi ya dhahabu zinazoelea kwenye oili na hazishiki sumaku hizo ni shaba ya sinkro, zikiwa kidogo ni uchakavu, zikiwa nyingi anza kuweka hela. Oili ikiwa nyeupe nyeupe imeingia maji, inatokea sana kwa gari zinazovuka maji kipindi cha masika, giaboksi ya moto ikizama ghafla inapoa na kuvuta maji kupitia sili au paipu ya kupumulia, kwaiyo kagua ile paipu haijakatika na ncha yake iko juu.

Funga ya chini na wosha mpya, jaza kwa pampu au paipu na faneli kutokea juu mpaka oili ianze kuchuruzika yenyewe kwenye tundu la kujazia, subiri ikome kuchuruzika, funga. Gari ndogo nyingi zinameza karibu lita 2, pickup zaidi, nunua ya ziada. Usikaze kwa kusimama juu ya spana, bodi ya giaboksi ni alumini. Mimi nabadili kila kilomita 40,000, na gari niliyoinunua mkononi mwa mtu nabadili siku hiyo hiyo bila kuuliza aliweka lini. Oili mpya haitoi jibu lote getini, ipe kilomita mia kadhaa.

Kichwa kizito na leva fupi

Vijana wanauliza sana. Kichwa kizito cha chuma kinasaidia leva kuwa na msukumo wake na gia inahisi laini zaidi, sina tatizo nacho kama giaboksi ni nzima, ila kwenye giaboksi inayochomoa gia uzito huo unaisaidia kuchomoka. Leva fupi inapunguza safari ya mkono lakini lazima usukume kwa nguvu zaidi, na sinkro inapewa muda mfupi zaidi. Kwa gari ya kazi ya kupanda Mombo kwenda Lushoto na mzigo siioni faida yake kabisa. Hela hiyo nunua bushi na oili sahihi, unapata leva iliyotulia na laini kwa pamoja.

Mkono na mguu wa dereva

Mkono usipumzike juu ya leva ukitembea, uzito ule unaisukuma uma ya gia (chuma cha ndani kinachosogeza gia) dhidi ya sleevu inayozunguka (ringi ya nje inayoteleza kufunga gia, sio ile slevu ya klachi) na inalika. Mguu usipumzike juu ya klachi. Leva ikikutana na ukinzani ipe nusu sekunde ukiisukumia kidogo, sinkro inafanya kazi yake halafu inaingia yenyewe, kulazimisha ndio kunakokata meno. Rivasi ikikugomea gari ikiwa imesimama, ingiza ya pili kwanza kwa klachi hiyo hiyo, sinkro ya pili itasimamisha shafti, halafu nenda rivasi. Ukishusha gia kwenye mteremko, gusa mafuta kidogo kabla hujaachia klachi, na ya kwanza usiiingize gari ikiwa bado ina kasi. Wanaoshuka Amani na gari imejaa wanajua jinsi ya pili inavyoteseka huko, kwaiyo ingieni kwenye gia mapema kabla kona haijafika.

Ikibidi ifunguliwe

Umefanya yote, klachi inakata, bushi mpya, oili sahihi, na bado gia moja inakwaruza au inachomoka. Sasa ni ndani: ringi ya sinkro, sleevu, uma, au springi na vigololi vinavyoishikilia gia isichomoke. Hapo linganisha bei ya vifaa na giaboksi ya mtumba, na kama ni ya mtumba ikague oili yake na sumaku yake dukani kabla hujalipa, izungushe shafti kwa mkono kwenye kila gia. Ukiamua kufunguliwa yako, dai ibadilishwe seti: ringi, bearing zilizolegea na sili zote, maana kubadili ringi moja na kuacha bearing iliyocheza kunarudisha tatizo lile lile. Sleevu ziwekwe alama kabla hazijatolewa zirudi upande wake, nyingine zikigeuzwa gia haiingii. Omba uwepo, na vifaa vya zamani uondoke navyo. Baada ya kufungwa endesha kwa upole, Kange mpaka Pongwe na kurudi inatosha kwa jaribio la kwanza, kisha chungulia chini kama kuna sili inayovuja, na ikifika kilomita 1,000 mwaga oili hiyo uweke nyingine kwa sababu ya kwanza itakuwa imebeba chembe zote za vifaa vipya.